Itunzeni Kama Ngozi

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi, Ngorongoro, tarehe 14 Septemba 2024, kuanzia saa nne asubuhi.

Jina: Witness Yohana Hhando
Jinsia: Mwanamke
Umri: Miaka 31
Kabila: Mwiraqw
Dini: Mkristo
Kazi: Fundi wa vifaa vya watu wenye ulemavu
Makazi: Karatu mjini

Kwanza naomba iandikwe wazi kwamba Witness ni jina langu la ubatizo. Afande Koplo Isaya ameshaliandika mara moja mahali pa neno "shahidi" na kuacha nafasi ya jina wazi, kwa hiyo nasema mapema lisije likaonekana kosa huko mbele. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimeelewa. Ninaogopa sana, lakini si kwa sababu hiyo.

Nimeitwa kwa habari ya Nashipai, mke wa Lekoko wa Kakesio, ambaye yuko mahabusu hapa hapa kituoni. Anatuhumiwa kupaka dawa kwenye glavu ya mume wake ili shemeji yake Tajewo aanguke kisimani. Tajewo yuko hospitali ya misheni Endulen na hadi leo asubuhi hajazungumza. Afande ameniambia kwamba Tajewo akifa, kesi ya Nashipai itakuwa ya kuua. Kila simu ikilia humu ndani namgeukia anayeipokea.

Nafanya kazi kwenye karakana moja Karatu. Mkuu wangu ni mhandisi Inosenti. Tunatengeneza magongo, miguu ya bandia, na tangu mwaka jana glavu za misuli ya mpira, kwa watu ambao mkono umekosa nguvu. Afande amesema haelewi glavu hiyo inavyofanya kazi, nami nitaieleza. Mgongoni mwa kila kidole kuna mrija wa mpira laini, ule mpira wa asili unaogemwa kwenye miti. Kiunoni mtu anafunga pampu ndogo ya betri. Akibonyeza kitufe, hewa inaingia kwenye mirija, mirija inajikunja, na vidole vinaifuata. Akibonyeza tena, hewa inatoka na mkono unafunguka. Ndani hamna chuma. Mrija mmoja ukipasuka, hewa yote inatoka na mkono unarudi kuwa kama ulivyokuwa mwanzo, yaani haushiki hata sufuria tupu.

Kwa sababu hiyo hatukumpa mtu glavu kabla ya kuujaribu mpira kwenye hali ya hewa ya huku. Mirija mingine tuliiacha juu ya bati la karakana. Mingine tuliifunga ukingoni mwa kreta, kwenye ukungu na baridi, na mingine tukaipeleka Kakesio, kwenye jua na vumbi la magadi. Mimi ndiye niliyekuwa nazunguka kuikagua, kwa hiyo mpira ulioharibika naujua hata nikifumba macho. Ulioharibiwa na jua una nyufa ndogondogo kama tope la bwawa lililokauka. Wa baridi unakuwa mgumu asubuhi, ukipata joto unarudi. Wa vumbi la magadi unakwaruzika na kupauka. Yote hayo tuliyapima, na tulikuwa tunajiona tumemaliza. Mafuta hatukuyajaribu. Mvua ya mafuta hainyeshi, ndivyo tulivyofikiri.

Mnamo mwezi wa Julai mwaka huu mimi na mhandisi Inosenti tulikwenda Kakesio kumkabidhi Lekoko glavu yake. Lekoko ni mfugaji, mkono wake wa kulia ulipooza baada ya kukanyagwa na dume la ng'ombe. Walikuwepo mke wake Nashipai, mdogo wake Tajewo, na jirani yao Parmuat. Ilikuwa siku ya furaha. Lekoko alishika kikombe cha chai kwa mkono ule, akanywa bila kumwaga, na Tajewo akamtania kwamba sasa amekosa kisingizio cha kukwepa kazi ya kisima. Walicheka wote isipokuwa Nashipai, ambaye alikuwa analia. Niliona kwamba yeye na Tajewo hawakusalimiana. Niliambiwa waligombana siku za nyuma kuhusu zamu ya kunywesha mifugo. Nalitaja hili mwenyewe ili isionekane nalificha.

Wakati wa kuaga Nashipai aliuliza glavu itunzwe vipi. Mhandisi Inosenti alimjibu, "Itunzeni kama ngozi." Nilikuwa nimesimama karibu naye na sikuona ubaya wa neno lile. Alikuwa na maana ya ngozi ya mtu, kwamba isiachwe juani, ioshwe, isikwaruzwe. Lekoko akamtafsiria mke wake, ambaye Kiswahili anakijua kidogo, kwa Kimaa, na nilisikia neno "olchoni". Mimi Kimaa sikijui. Nimekuja kuuliza baadaye, nikaambiwa hiyo ni ngozi kwa jumla, na mtu akikuambia utunze olchoni ndani ya boma, unafikiria ngozi ya kulalia, mkanda, ala ya sime. Na hizo zinatunzwa kwa mafuta ya kondoo. Zisipopakwa zinakakamaa na kupasuka. Hata angeelewa ngozi ya mtu, sijui ingesaidia nini. Mimi mwenyewe nikitoka kuoga napaka mafuta.

Mnamo tarehe 12 Septemba 2024, majira ya saa tano asubuhi, nilifika Kakesio na pikapu ya karakana kwa ukaguzi wa kawaida. Nilikuwa peke yangu. Bomani nilielekezwa kisimani. Kisima hicho kimechimbwa kwa mikono katika mkondo wa mto uliokauka, na kwa ukame wa mwaka huu wamelazimika kuyafuata maji chini sana. Nilichungulia mara moja tu nikarudi nyuma. Tajewo alikuwa huko chini anazoa tope lililoporomoka. Alikuwa amefungwa kamba kifuani, na kamba ilishikwa na Lekoko na Parmuat juu.

Niliwasalimia na kumwomba Lekoko aivue glavu niikague. Alinijibu, "Fundi, ngoja kidogo. Mdogo wangu yuko chini. Akipanda nakuvulia." Akaongeza kwa furaha kwamba mkono siku hizi ni laini, unafunga haraka kuliko siku ile tulipoleta. Nilifurahi. Nilisikia harufu ya mafuta ya kondoo lakini sikuitilia maanani, kwa sababu huko ni harufu ya kawaida, iko kwenye mashuka, iko kwenye mikanda, iko kila mahali.

Tajewo aliita kutoka chini, wakaanza kumvuta. Kichwa chake kilipokaribia kuonekana, mtamba mmoja kati ya ng'ombe waliokuwa wakisubiri maji alisukuma wenzake akafika ukingoni, na udongo ukaanza kumwangukia Tajewo. Parmuat aliachia kamba akamfukuza kwa fimbo. Sitaki Parmuat alaumiwe kwa hilo, kwa sababu mtamba yule angetumbukia angemuua Tajewo palepale. Lekoko akabaki ameshika peke yake.

Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kumgusa. Niliona mrija wa kidole cha kati ukivimba upande mmoja kama koo la chura. Nilitaka kusema kitu. Halafu mrija ukapasuka, na haukulia kama tairi. Ulitoa pumzi tu, kama mtu aliyechoka, na vidole vikafunguka taratibu kimoja kimoja. Nasema hivi kwa sababu nimesikia kuna wanaosema Lekoko aliachia kamba kwa makusudi. Hakuachia. Mkono wake wa kushoto uliendelea kushika mpaka kamba ikamchuna ngozi yote ya kiganja. Nyie uangalieni huo mkono.

Nilisikia maji yakipigwa. Baada ya hapo sikusikia kitu. Tulisimama pale wote tukisubiri Tajewo aite, na hakuita. Sijawahi kuogopa kimya namna ile. Lekoko alikuwa anarudia jina la mdogo wake kwa sauti ndogo, kana kwamba anaogopa kumwamsha.

Nashipai alikuwa anakuja na punda kuchota maji. Alitupa madumu akakimbia. Parmuat alishuka kwa kamba, na tuliowavuta yeye na Tajewo ni mimi, Lekoko kwa mkono mmoja, na Nashipai. Nashipai ndiye aliyekuwa mbele, karibu zaidi na shimo, amejifunga kamba kiunoni. Naomba hilo liandikwe kama nilivyolisema. Mtu anayetaka shemeji yake afe hajifungi naye kamba moja.

Tajewo alitoka akiwa anapumua lakini hajitambui. Nyonga ilikuwa imekaa vibaya na damu ilimtoka nyuma ya kichwa. Wakati tunamlaza, Parmuat aliushika mkono wa Lekoko, akaivua ile glavu, akainusa. Akauliza kwa Kiswahili, nadhani alitaka na mimi nisikie, "Nani amepaka hii?"

Nashipai akajibu, "Mimi." Alijibu haraka na bila wasiwasi, kama mtu aliyeulizwa nani amepika chai.

Hapo watu walikuwa wameshajaa. Nilisikia neno "dawa" likitoka nyuma, kisha likarudiwa na mwingine, na mwingine. Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali wangepiga kelele. Walianza tu kusogea, na Nashipai akabaki katikati anatazama huku na huku, hajaelewa bado. Mimi si shujaa, afande. Nilimshika mkono kwa sababu nilihisi nikimwacha pale sitamkuta, nikamwambia, "Yeyo," yaani mama kwa Kimaa, "ingia kwenye gari." Mkono wake uliteleza kwenye wangu. Ulikuwa na mafuta.

Tulimpakia Tajewo nyuma ya pikapu juu ya godoro, Parmuat akakaa naye. Lekoko alibaki. Alikuwa amekaa chini kando ya kisima na hakunyanyuka tulipomwita. Parmuat alikuja dirishani kwangu kabla sijaondoka akaninong'oneza sikioni, bila hasira yoyote usoni, "Dada, mimi nitagonga bati la gari. Nikigonga, bado anapumua. Nikiacha kugonga, huyu mama asishuke mbele yangu." Sime yake ilikuwa kiunoni. Niliwasha gari.

Barabara ya Kakesio kwenda Endulen afande anaijua. Nilikuwa nikienda haraka nasikia mwili wa Tajewo ukirushwa, nikienda polepole naona anakufa kwa sababu yangu. Parmuat aligonga. Kila alipogonga nilivuta pumzi. Nashipai alikaa pembeni yangu ameweka mikono mapajani, viganja juu, inang'aa, kana kwamba si yake. Nilimuuliza, "Yeyo, ulipaka nini?"

Alisema, "Eilata. Mafuta ya kondoo. Kila jioni napaka."

Nilimuuliza kwa nini.

Alisema, "Asubuhi ilikuwa ngumu, baridi inakausha. Na vumbi inakula. Nyie mlisema kama ngozi. Nikapaka, ikawa laini. Baba watoto akafurahi, akasema sasa inafunga vizuri." Halafu akaniuliza, "Imeharibika? Mtatengeneza?" Alikuwa bado anafikiria kosa lake ni kushindwa kuitunza vizuri zaidi. Nilimwambia tutatengeneza. Huo ndio uongo pekee niliousema siku hiyo.

Tulipofika kwenye korongo moja kabla ya Endulen kugonga kukakoma. Nilisubiri. Gari lilishuka, likapanda upande wa pili, na bati halikugongwa. Nashipai hakujua maana ya kule kugonga lakini aliniona usoni akashika mlango. Nilifunga kitasa upande wake. Nilikuwa nimeshaamua kwamba sitasimama hata Parmuat akivunja kioo, nitaendelea tu mpaka mahali penye watu. Kisha akagonga tena. Baadaye aliniambia palikuwa na mashimo na alihitaji mikono yote miwili kumshikilia mgonjwa. Aliniomba radhi. Nilimwambia si kitu, na nikaenda kutapika nyuma ya ukuta wa hospitali.

Madaktari walimpokea Tajewo vizuri. Polisi waliitwa, na Nashipai akachukuliwa jioni ile, jambo ambalo nadhani limemwokoa, ingawa yeye haoni hivyo. Kutoka hapa nilipokaa namsikia anakohoa upande wa pili wa ukuta. Kituo hiki kina baridi.

Nilimpigia simu mhandisi Inosenti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Neno ngozi nimelisema mimi." Hakuniomba niseme hivi wala vile. Nalisema hili kwa sababu najua swali litakuja.

Jana afande alinionyesha glavu kwenye mfuko wa ushahidi na kuniuliza maoni yangu. Nimeiangalia na kuigusa mbele yake. Hakuna nyufa za jua. Vumbi limeukwaruza mpira juujuu tu. Baridi haijaufanya kitu. Mpira umevimba, unanata, na ukiuvuta unakatika kama ubani uliotafunwa. Hiyo ni kazi ya mafuta. Mpira wa asili unayanywa mafuta polepole, na mwanzoni unakuwa laini kweli, unajikunja kirahisi, mtu anaona kifaa kimekuwa bora kuliko kipya. Kumbe ndani kinaisha. Bila mafuta, kwa jua na baridi niliyoipima Kakesio, mirija ile ingeshika mpaka masika bila shida.

Hapa nataka kusema jambo lililoninyima usingizi. Nilifikiria kusema ni jua. Ningesema jua, lawama ingetuangukia sisi wa karakana, Nashipai angetoka, na asingejua kamwe. Nani angebishana na fundi kuhusu jua? Lakini glavu inanuka kondoo, imeshanuswa na watu wote, na mkemia wa serikali akiipima na kukuta mafuta, basi mimi naonekana mwongo na yeye anaonekana mchawi. Kwa hiyo nimesema kweli. Mafuta yamepasua mpira, na aliyeyapaka ni Nashipai.

Lakini hakupaka kwa ubaya. Afande alipokwenda bomani alileta mkanda wa Lekoko na ala ya sime yake, viko hapo mezani. Vinanuka vilevile na vinang'aa vilevile. Alikuwa anapaka vitu vyote vya mume wake jioni moja, kwa mkono mmoja, kutoka kwenye kibuyu kimoja. Tena hakujua kwamba Tajewo angeshuka kisimani siku ile, kwa kuwa tope liliporomoka asubuhi hiyohiyo. Kama hii ni dawa ya kuua, basi amekuwa akimpaka mume wake dawa ya kuua mwili mzima tangu waoane.

Naogopa Tajewo asiamke. Namwogopa Parmuat, ingawa ni mtu mwema. Naogopa watu watasema mpira wetu ni uchawi, na wale wenye glavu nyingine watazitupa. Hao nimeshawapigia simu wasipake kitu, na wote wamenijibu. Lakini ninachokiogopa kuliko vyote ni kwamba haya niliyoyasema yatamtoa Nashipai mahabusu, na atakapotoka atakuwa anajua. Kabla ya maelezo haya yeye ni mtu aliyesingiziwa. Baada ya haya ni mtu aliyefanya. Naomba asiambiwe na mtu wa kupita. Kama lazima aambiwe, naomba niwepo.

Nimeyasema haya mwenyewe bila kutishwa, nimesomewa, na nimemrekebisha afande mahali pamoja alipoandika "dawa" badala ya "mafuta". Haya ndiyo ninayoyajua na ndiyo nitakayoyarudia popote nitakapoitwa.

Sahihi: W. Y. Hhando

MAELEZO YA ASKARI

Mimi Koplo Isaya nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa. Mnamo saa saba mchana hospitali ilipiga simu kwamba majeruhi Tajewo amefungua macho na kuomba maji. Mtuhumiwa Nashipai alitolewa mahabusu kwa dhamana ya ndugu zake, akaelezwa sababu kwa Kimaa, shahidi akiwepo kama alivyoomba. Alipoambiwa kuhusu Tajewo alimshukuru Mungu. Alipoelezwa kuhusu mafuta aliangalia mikono yake. Kisha alimgeukia shahidi akamuuliza kwa Kiswahili: "Nisingepaka, ingeshika?"

Shahidi alimshika mkono. Aliulizwa tena. Hakuuachia.

Nashipai aliomba sabuni. Alipewa.